Mwunganishi wa kliniki, mhudumu wa mtaani au bibi wa benchi: uchague ipi, na utajuaje kama inafanya kazi

Watu wengi wanaofika kliniki presha haishuki, usingizi hauji, mwili unauma kila siku, ukikaa nao ukawasikiliza vizuri unakuta nyuma ya hayo kuna kufiwa, kuna deni, kuna kukaa ndani wiki nzima bila mtu wa kuongea naye. Kidonge hakilipi deni. Ndo maana siku hizi rufaa ya kijamii inazungumzwa sana, yaani daktari au nesi haishii kwenye dawa tu, anakupeleka kwa mtu ambaye kazi yake ni kukuunganisha na kikundi, mazoezi, ushauri wa madeni, bustani, kwaya, chochote kinachogusa shida yako. Na upweke sio jambo la kupuuza hata kidogo, uchambuzi mmoja wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti 148 zenye watu 308,849 ulikuta kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi kubwa kwa asilimia 50 kuliko wenye mahusiano dhaifu.

Sa shida kuwa kubwa haina maana kwamba kila msaada unaoletwa kwa jina lake unasaidia. Kama uko kwenye kamati ya kliniki, au kikundi cha kujitolea, au wewe ndo unayeshika hela za mradi, siku moja utaambiwa uchague, na kila mtu atakuja na ripoti yake nzuri yenye picha za watu wanacheka. Hapa nalinganisha njia tatu zilizopimwa kwa umakini kiasi cha kuaminika, na ya nne nitaigusa tu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jina la programu lisikubabaishe, uliza mambo mawili, mtu wa msaada anakaa na mgonjwa mmoja kwa muda gani, na huko anakomwelekeza kuna kitu kweli au ni jina tu kwenye karatasi. Na ripoti ya "kabla na baada" isiyokuwa na kundi la kulinganishia usiitumie kuamulia hela.

Naanza na hilo la mwisho manake ndo linapoteza watu wengi.

Kabla na baada

Camden, New Jersey, kule Marekani, palikuwa na programu iliyosifiwa sana, iliyoanzishwa na daktari Jeffrey Brenner. Wazo lenyewe zuri kabisa: watafute wale wagonjwa wachache wanaorudi rudi kulazwa, wape timu ya manesi, wahudumu wa jamii na watu wa ustawi wa jamii, wawafuate mpaka nyumbani, waende nao kliniki, wawasaidie kupanga dawa na kuomba misaada wanayostahili. Ukichukua wagonjwa wa programu, ukahesabu kulazwa miezi sita kabla na miezi sita baada, unaona kumeshuka kwa pointi 38 za asilimia. Hapo nani asingesema tumepata tiba?

Lakini wao wenyewe, na kwa hili wanastahili heshima kubwa, wakakubali kupimwa kwa kura, yaani bahati nasibu ndo iamue nani apate programu na nani asipate. Wagonjwa 800, karibu nusu wakapata programu na wengine wakaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yakatoka Januari 2020: waliolazwa tena ndani ya siku 180 upande wa programu ni asilimia 62.3, upande wa pili asilimia 61.7. Yaani sawa tu. Wale ambao hawakupewa timu wala kutembelewa nao walishuka vilevile.

Inakuwaje? Ni kwamba mgonjwa anaingizwa kwenye programu akiwa kwenye kipindi chake kibaya kuliko vyote, ndo maana alionekana, na baada ya kipindi kibaya wengi wanatulia kiasi hata asipowagusa mtu. Ukimpima leo akiwa chini kabisa halafu ukampima baada ya miezi sita utaona amepanda, na sifa utajipa wewe. Hii inahusu sana rufaa ya kijamii kwa sababu watu wanapelekwa kule kule wakiwa wamezidiwa: amefiwa juzi, amefukuzwa kazi, ametoka kulazwa. Muda peke yake unafanya sehemu ya kazi.

Kwa hiyo kila takwimu nitakayotaja hapa chini isome ukiwa na swali hilo mkononi, wenzao ambao hawakupata walikuwaje?

Mwunganishi anayekaa kliniki

Hii ndo sura ya rufaa ya kijamii wengi wanayoijua, na Uingereza ndo wameipeleka mbali zaidi. Mizizi yake ni ya zamani, kituo cha Bromley by Bow mashariki mwa London kilianza 1984, lakini mwaka 2019 mpango wa muda mrefu wa NHS England, ile huduma ya afya ya umma ya huko, ulikuja na ahadi ya kuweka zaidi ya waunganishi 1,000 kufikia mwaka wa fedha 2020/21, na lengo la watu zaidi ya 900,000 kuweza kupewa rufaa hiyo kufikia 2023/24. Mwunganishi sio daktari wala mwanasaikolojia, anakaa na wewe, anakuuliza kitu gani ni muhimu kwako, halafu anakusindikiza kuelekea huko.

Uzuri wake ni kwamba yuko palepale daktari alipo, mgonjwa anatoka mlango huu anaingia mlango ule, na anaweza kushika mambo mengi kwa pamoja, nyumba, kazi, upweke, mlo. Ubaya wake, ukiniuliza mimi, ni kwamba anabebeshwa. Mwongozo wa huko unataja watu 200 hadi 250 kwa mwaka kwa mwunganishi mmoja, fanya hesabu mwenyewe ukitoa likizo, mikutano na makaratasi uone kila mtu anapata nini.

Ushahidi? Mwaka 2017 watafiti wa huko huko Uingereza walipitia tathmini 15 za programu hizi, wakasema nyingi ni ndogo, zimepangwa vibaya, hazina kundi la kulinganishia, kwa hiyo haziwezi kukuambia kama kitu kinafanya kazi au hapana. Na hiyo ahadi ya waunganishi 1,000 ilikuja baada ya hapo, yaani sera ilitangulia ushahidi.

Halafu kuna Glasgow, Scotland, hii naipenda kwa sababu waliipeleka kwenye mitaa yenye umaskini mkubwa na wakaipima vizuri. Kliniki 15, 7 zikapata waunganishi, 8 zikawa za kulinganisha. Baada ya miezi tisa, ukiangalia wagonjwa wote waliopewa rufaa kwa pamoja, ubora wa maisha haukutofautiana na wa upande wa pili. Ila ukiwatazama wale waliokutana na mwunganishi mara tatu au zaidi, kwao kulikuwa na nafuu kwenye wasiwasi na sonona na kwenye mazoezi. Tahadhari lazima, manake anayerudi mara tatu huenda tangu mwanzo alikuwa na nguvu kuliko aliyeshindwa kurudi, lakini mimi nalichukua kama dalili ya kufuatilia: rufaa ya mara moja na kijikaratasi haitoshi.

Frome nayo lazima niitaje kwa sababu mtu ataileta kwenye kikao. Ni mji mdogo Somerset, Uingereza, mwaka 2013 kliniki ya pale chini ya daktari Helen Kingston ilianza kuunganisha wagonjwa na vikundi vya mji na kufundisha wakazi wa kawaida wawe wanaelekeza wenzao. Kufikia 2017 kulazwa kwa dharura Frome kulishuka asilimia 14, wakati Somerset yote kulipanda asilimia 28.5. Tofauti kubwa mno, na angalau kuna wa kulinganisha naye, sio kabla na baada peke yake. Lakini mji mmoja dhidi ya wilaya nzima sio kura, na wakati uleule kliniki ilibadilisha hata namna ya kuwatambua wagonjwa walio hatarini na kuwapangia huduma, kwa hiyo huwezi kusema ni vikundi vilivyofanya kazi yote. Ukiwa na uwezo wa kubadilisha kliniki yenyewe na mji wako una vikundi vingi vilivyo hai, Frome ni mfano wa kukutia moyo, ila usimwahidi mtu asilimia 14.

Mhudumu wa afya ya jamii

Huyu yeye hakusubiri kliniki, anakuja ulipo. Tofauti kubwa na mwunganishi ni nani anaajiriwa: hapa anatafutwa mtu wa mtaa uleule, aliyepitia maisha yaleyale, anayejua kusikiliza, cheti kinakuja baadaye. Naona hii ndo njia ambayo inadharauliwa na kumbe ina vipimo vizuri kuliko zote kwa wagonjwa wa magonjwa sugu.

Mfano uliopimwa sana ni programu inayoitwa IMPaCT ya Philadelphia, Marekani, iliyoongozwa na daktari Shreya Kangovi. Jaribio la kwanza, matokeo 2014, wagonjwa 446 wenye kipato cha chini waliolazwa, wakagawanywa kwa kura. Waliokuwa na mhudumu asilimia 60 walifika kliniki kwa wakati baada ya kutoka hospitali, wasiokuwa naye asilimia 47.9. Jaribio lingine la 2018 lilikuwa na wagonjwa 592, na hapa sikiliza vizuri: kile walichosema tangu mwanzo kwamba ndo wanakitafuta, mgonjwa mwenyewe aone afya yake ya mwili imekuwa bora, hakikutofautiana. Lakini siku za kulala hospitali kwa jumla ndani ya miezi sita zilikuwa 155 upande wenye wahudumu na 345 upande wa pili. Mwaka 2020 wakapiga hesabu ya hela, wakapata kwamba kila dola 1 inayowekwa inarudisha dola 2.47 kwa Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini.

Sasa mtu atauliza, mbona Camden nao walikuwa na wahudumu na haikutokea kitu? Hapo sio rahisi na sitajifanya jibu ni moja. Wagonjwa wa Camden walikuwa wameathirika zaidi, magonjwa mengi kwa mpigo, na hali za maisha ngumu sana. Na mimi naamini sehemu ya jibu ni ile ya huko unakoelekeza kuna nini: kumtembelea mtu asiye na makazi hakumpi makazi, kumpangia miadi ya daktari wa akili mahali ambapo daktari hayupo ni kumzungusha tu. IMPaCT nao walikuwa na kazi iliyoandikwa hatua kwa hatua, jinsi ya kuajiri, jinsi ya kusimamia, mgonjwa anachagua mwenyewe anataka kufikia nini, mhudumu ana msimamizi anayemfuatilia. Programu nyingi zinachukua jina "mhudumu wa jamii" zinaacha usimamizi, zinampa begi na fulana, hana mshahara wa maana, baada ya mwaka ameondoka, halafu wanasema njia hii haifanyi kazi.

Benchi

Ya tatu ni tofauti kidogo kwa sababu hapa msaada wenyewe ndo yule mtu, hakuelekezi kwingine kwanza. Friendship Bench ya Zimbabwe, iliyoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ilianza na bibi 14 kule Mbare, Harare. Mgonjwa mmoja wa Chibanda alikuwa amejiua, na alishindwa kurudi hospitali kwa kukosa nauli tu. Nchi ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabu kwenye vidole, mabibi walikuwepo, wanaheshimika, tena wanaishi karibu. Wakafundishwa tiba ya kutatua matatizo: mnakaa kwenye benchi nje ya kliniki, unamwaga yote yaliyoko moyoni, mnachagua tatizo moja la kuanza nalo, mnatafuta hatua inayofanyika wiki hii, unarudi kusema imekuwaje. Vikao sita, na baadaye unakaribishwa kwenye kikundi cha wenzako waliopita palepale.

Ilipopimwa, matokeo 2016, ilikuwa kliniki 24 za Harare, watu 573, kliniki ndo zilipigiwa kura. Baada ya miezi sita alama za dalili za msongo na sonona kwa waliokaa benchi zilikuwa wastani wa 3.81, kwa wengine 8.90, kwenye kipimo cha maswali 14. Hiyo ni tofauti kubwa sana, na hao wa upande wa pili hawakuachwa hivihivi, nao walipata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Cha kukumbuka ni kwamba walioshiriki wengi walikuwa wanawake, zaidi ya asilimia 86, kwa hiyo kama kundi lako ni vijana wa kiume wasiopenda kukaa chini na mtu mzima kuongea, usidhani itahamia moja kwa moja.

Angalia kwamba benchi haikuahidi kupunguza kulazwa wala kushusha sukari. Iliahidi kitu kimoja, ikakipima hicho hicho. Nadhani hapo ndo nguvu yake ilipo na ndo rufaa ya kijamii ya jumla inapopotea, unachukua watu wenye shida ishirini tofauti, unawapeleka sehemu ishirini tofauti, halafu unataka namba moja ikuambie kama wamepona.

Ya nne: orodha tu

Wengine wanafikiri kutengeneza orodha ya huduma, au programu ya simu, na kumpa mgonjwa achague. Ni rahisi na wafadhili wanaipenda. Marekani walijaribu kwa ukubwa kuanzia 2017, wagonjwa wakiulizwa maswali ya nyumba, chakula, usafiri, na wenye uhitaji mkubwa wakapewa hadi mtu wa kuwaongoza, sio orodha peke yake. Tathmini ikakuta kwamba hata huo mwongozo haukuongeza watu kuunganishwa kweli na huduma wala shida zenyewe kutatuliwa. Kama mwongozo wa mtu haukutosha pale ambapo huduma zenyewe hazitoshi, orodha tupu itatosha vipi? Itumie kama nyongeza ya njia nyingine, peke yake hapana.

Sa uchague ipi

Kama wagonjwa wako wengi ni wa msongo, sonona na wasiwasi, na hela ni chache, anza na benchi au kitu cha mtindo huo. Sisiti kabisa kwa hilo. Unahitaji watu wazima wanaoaminika, mafunzo, msimamizi wa kupokea kesi nzito (mtu anayefikiria kujiua lazima kuwe na mahali pa kumpeleka siku hiyohiyo, bila hilo usianze) na posho ya kweli.

Kama shida yako ni wagonjwa wa magonjwa sugu wanaotoka wodini wanapotea halafu wanarudi wamezidiwa, mhudumu wa jamii, lakini na usimamizi wake wote.

Mwunganishi wa kliniki mchague pale ambapo mtaa tayari una vikundi, ushauri wa kisheria, mazoezi, na shida ni kwamba watu hawavifikii. Kama havipo, hela ya mwunganishi ingeenda kwanza kwenye kuvianzisha. Hii inaniuma sana kwa sababu mara nyingi kliniki inapata bajeti ya kuajiri mwunganishi, yeye anaelekeza watu 30 kwa kikundi cha akina mama wanaojitolea ambao hawakuongezewa hata shilingi ya chai na ukumbi, mwaka wa pili kikundi kinakufa, na kwenye ripoti bado kimeandikwa "watu 30 walipewa rufaa". Ukiandika bajeti weka fungu la vikundi vinavyopokea, tena liandike kabla ya mshahara wa mtu wa kuelekeza.

Na upimaji wenyewe

Sio lazima uwe chuo kikuu. Kama nafasi ni chache kuliko wanaohitaji, na kwa kawaida ndo hivo, pigeni kura ya wazi nani aanze sasa na nani aanze baada ya miezi mitatu au sita. Ni haki kuliko kupendeleana, na hao wanaosubiri ndo kundi lako la kulinganisha. Kama mna kliniki kadhaa, zianze kwa zamu, zamu ipangwe kwa kura. Watu wa mradi wanaogopa wakidhani ni kuwanyima watu msaada, lakini huwezi kuwahudumia wote siku moja hata ukitaka.

Kipimo chagua kifupi na kinacholingana na mlichoahidi. Kwa upweke kuna maswali matatu yanayoitwa ya UCLA (chuo kikuu cha Marekani), kwa ustawi wa jumla kuna dodoso linaloitwa WEMWBS la maswali 14 au lile fupi la 7, kuna na yale maswali manne ya ofisi ya takwimu ya Uingereza ambayo mtu anajibu 0 hadi 10. Kwa sonona kuna dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9. Usirundike vyote, mgonjwa mwenye huzuni hawezi kujaza karatasi sita, atajaza ovyo au hatarudi. Na kabla hujatumia, kaa na watu wachache wakusomee swali na wakueleze wameelewa nini kwa maneno yao, manake swali lililotafsiriwa ofisini linaweza kuwa linauliza kitu kingine kabisa mtaani.

Halafu hesabu njia yote, sio mwanzo peke yake: wangapi walipewa rufaa, wangapi walionana na mtu hata mara moja, wangapi walifika kwenye kikundi, wangapi bado wapo baada ya miezi mitatu. Ripoti nyingi zinakupa ile namba ya kwanza ambayo ni kubwa na wastani wa furaha wa wale wachache waliobaki mwisho, katikati kumejaa watu ambao hakuna aliyewauliza kitu. Waliokataa na waliopotea wana habari unayoihitaji kuliko yoyote, huenda nauli ilikosekana, kikundi kilikuwa saa za kazi, mtu aliona aibu, au alifika akakuta mlango umefungwa. Tenga siku mbili tatu uwapigie simu, na waliyoyasema yaweke ukurasa wa kwanza wa ripoti, kabla ya grafu.